Hewa, Pumzi na Faraja: Athari za Barakoa katika Mwili na Usemi wa Mvaaji

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Kauli hii yaafiki hali ya barakoa nchini Kenya. Kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Aprili mwaka huo, kila aliyetoka hadharani alitakiwa kufunika pua na mdomo, na kanuni za afya ya umma zikaweka faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita kwa aliyekaidi. Amri ya kuvaa barakoa katika maeneo ya wazi iliondolewa tarehe 11 Machi 2022. Leo abiria huingia matatuni nyuso wazi, lakini swali moja lililozuka wakati huo lingali linaulizwa: je, barakoa humnyima mvaaji pumzi?

Wapo waliojibu kwamba humnyima, wakadai kuwa mvaaji huvuta tena uchafu alioutoa mwenyewe hadi akadhurika. Wapo waliojibu kwamba haimnyimi chochote, wakawacheka waliolalamika na kuwaita wavivu wa kutii. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba pande zote mbili zilikosea, na kwamba kosa lao lilianzia katika lugha kabla ya kufika katika sayansi. Walitumia neno pumzi kurejelea mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa: hewa anayoipata mtu, kazi ya kupumua anayoifanya, na faraja anayoihisi au kuikosa. Aidha, makala yanaonyesha hasara moja ya barakoa isiyozungumziwa sana ingawa inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili, yaani hasara ya sauti.

Barakoa kama Neno

Neno barakoa halikuzaliwa mwaka wa 2020. Lina asili ya Kiarabu, na katika Uswahili wa pwani lilirejelea kifunika uso kilichovaliwa na wanawake, hasa wa tabaka la juu huko Unguja na kwingineko palipokuwa na uhusiano wa karibu na Omani. Kifunika hicho kilikuwa vazi la staha na hadhi. Hakikukusudiwa kuchuja chochote, wala hakikufunika uso kwa namna barakoa ya leo inavyofunika.

Janga lilipozuka, wazungumzaji walihitaji istilahi ya haraka. Wengine walitumia maski, wengine barakoa, na hatimaye barakoa ikatawala katika taarifa za habari za Kenya na Tanzania. Huu ni mfano bora wa upanuzi wa maana: neno la zamani lilipewa kazi mpya pasipo kuundwa jipya. Hata hivyo, neno linapohama huja na mizigo yake. Barakoa ya zamani ilihusishwa na kuficha uso, nayo barakoa mpya ikapokelewa na wengi kama kitu kinachoziba. Kuziba na kuchuja ni vitenzi viwili tofauti. Chupa iliyozibwa haipitishi kitu. Chai iliyochujwa hupita na majani yakabaki. Barakoa huchuja. Aliyeamini kwamba inaziba alikuwa tayari na sababu ya kuogopa kabla hajaivaa.

Safari ya Pumzi Moja

Ili kulijibu swali la msingi, ni vyema kufuata safari ya pumzi moja. Hewa inayotuzunguka ina takriban asilimia 21 ya oksijeni, na kiasi kidogo mno cha kaboni dioksaidi, yaani takriban asilimia 0.04. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kila mara huvuta takriban mililita 500 za hewa. Kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, kifua hutanuka, nayo hewa huingia kupitia puani, kooni na katika bomba la pumzi hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu. Hapo ndipo oksijeni huingia katika damu na kaboni dioksaidi hutoka. Hewa inayotolewa nje huwa na takriban asilimia 16 ya oksijeni na asilimia 4 hadi 5 ya kaboni dioksaidi.

Jambo moja katika safari hii husahaulika. Katika zile mililita 500, takriban 150 hazifiki kwenye vifuko vya mapafu. Hubakia njiani, puani na kooni, na mtu anapotoa pumzi hutoka zilivyoingia. Vivyo hivyo, mwisho wa kila pumzi inayotolewa huacha njiani kiasi cha hewa iliyotumika, ambacho huvutwa tena kabla ya hewa safi kufika. Kwa hiyo, kuvuta upya sehemu ya pumzi yako si jambo lililoletwa na barakoa. Kila kiumbe mwenye mapafu na koo hufanya hivyo tangu anapozaliwa. Barakoa huongeza kidogo tu nafasi hiyo iliyo njiani, nao mwili hufidia kwa kuvuta pumzi yenye kina zaidi kidogo.

Inafaa pia kujua kwamba hamu ya kupumua haitokani hasa na upungufu wa oksijeni. Shina la ubongo hupima athari ya kaboni dioksaidi katika damu na majimaji yanayouzunguka ubongo. Kiasi hicho kikipanda, hata kidogo, mtu huhimizwa kupumua kwa kasi na kwa kina. Mlinzi huyu yuko macho usiku na mchana, na humzindua mtu mwenye afya mapema sana kabla ya hatari.

Je, Hewa Hupungua?

Molekuli ya oksijeni au ya kaboni dioksaidi ina upana wa takriban theluthi moja ya nanomita. Kirusi cha Korona kina upana wa takriban nanomita 100, yaani mara 300 hivi ya upana wa molekuli hizo, na kwa kawaida husafiri ndani ya vitone vya majimaji vilivyo vikubwa zaidi kukiliko. Nyuzi za barakoa hunasa vitone hivyo kwa kugongana navyo, na zile za barakoa za hospitalini huvivuta pia kwa chaji ya umeme tuli. Gesi hupita katikati ya nyuzi bila kuzuiliwa.

Mfano ulio karibu na Mkenya wa Kisumu au Malindi ni chandarua. Anayelala ndani ya chandarua hulalamika kuhusu joto. Hugeuka, hufukuta, hutamani kukitupa. Hata hivyo, hakuna anayedai kwamba chandarua kimemaliza oksijeni chumbani. Mlalaji hutofautisha bila kufundishwa baina ya kukosa hewa na kukosa faraja. Mfano huu una mipaka yake, kwani barakoa si wavu tu. Lakini tofauti anayoifanya mlalaji ndiyo iliyowaponyoka wavaaji wa barakoa.

Vipimo navyo vinaafiki maelezo haya. Mwaka wa 2020 watafiti nchini Kanada walipima oksijeni katika damu ya watu 25 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kabla ya kuvaa barakoa ya tabaka tatu, walipokuwa wameivaa kwa saa moja, na baada ya kuivua. Wastani ulikuwa asilimia 96.1 kabla, 96.5 wakati wa kuvaa, na 96.3 baadaye. Watu wenye maradhi ya moyo au mapafu yanayoweza kuwafanya watwete hata wakiwa wametulia hawakujumuishwa. Mwaka huohuo, huko Miami nchini Marekani, walipimwa madaktari 15 wenye afya pamoja na wanajeshi wastaafu 15 waliokuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, wakiwa wamevaa barakoa za upasuaji. Hakukuonekana mabadiliko makubwa ya oksijeni wala ya kaboni dioksaidi katika makundi yote mawili. Haya ni makundi madogo, lakini yanaelekeza upande ule ule ambao fizikia ya gesi inaelekeza.

Barakoa aina ya N95 ni suala la kando kidogo. Hiyo hubana uso kabisa ili hewa yote ipite katika kichujio, na hutakiwa kunasa angalau asilimia 95 ya chembechembe ndogo zinazotumiwa kuipima. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuvuta pumzi huongezeka na hewa iliyotumika hubakia nyingi zaidi ndani yake. Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa mwaka wa 2003, utafiti uliofanywa Singapore miongoni mwa wahudumu wa afya 212 ulionyesha kwamba 79 kati yao waliumwa na kichwa walipovaa barakoa za aina hiyo. Muuguzi anayeivaa zamu nzima ana haki ya kulalamika na kupewa muda wa kupumzika. Mwanafunzi aliyevaa kipande cha kitambaa darasani hawezi kuyahamisha maumivu ya muuguzi huyo na kuyafanya yake.

Chanzo cha Malalamiko

Ikiwa hewa haipungui, kwa nini basi watu wengi waliapa kwamba walikuwa wakisongwa? Kuwaita waongo si haki. Uso wa binadamu, hasa eneo la pua na midomo, una neva nyingi zinazohisi joto, baridi na mguso. Mtu asiye na barakoa huhisi ubaridi mdogo kila anapovuta pumzi, na ubaridi huo ni mojawapo ya dalili zinazouambia ubongo kwamba hewa inaingia. Barakoa hurudisha usoni joto na unyevu wa pumzi iliyotoka. Dalili ya ubaridi hupotea, na ubongo hutafsiri upungufu huo kama ugumu wa kupumua. Upepo wa kipepeo ukielekezwa usoni hupunguza hisia hiyo, ingawa hauongezi oksijeni hata chembe.

Wasiwasi nao huchangia. Mwenye hofu hupumua kwa haraka na kwa kina kifupi. Kadiri anavyosikiliza pumzi yake ndivyo anavyozidi kuiona haitoshi. Isitoshe, barakoa huleta adha nyingine za mwili zilizo dhahiri: kamba hukata nyuma ya masikio, miwani huingia ukungu, ngozi ya kidevuni huchubuka au kutoa chunusi, na kitambaa kilicholowa jasho huwa kizito na kigumu kupitisha hewa. Kilicholowa hubadilishwa, na cha nguo hufuliwa kila siku.

Msamiati wa Kiswahili unatosha kuzieleza hali hizi bila kuzichanganya. Mtu hupumua akiwa ametulia. Huhema au hutweta baada ya mbio. Hupaliwa maji yakipita njia mbaya. Hukabwa koo likibanwa na mkono. Hubanwa na kifua akiugua pumu. Na hufukutwa akiwa mahali penye joto pasipo upepo. Wengi waliovaa barakoa walikuwa wakifukutwa. Kwa kuwa walisema kwamba wanakabwa, waliosikia walikimbilia ama kuogopa ama kucheka.

Malalamiko haya hayakuanza na Korona. Tauni ilipozuka Manchuria mwaka wa 1910, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alishikilia kwamba ugonjwa ulienea kwa pumzi, akawahimiza wahudumu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari Mfaransa, Gérald Mesny, hakukubaliana naye. Aliwaendea wagonjwa bila barakoa, akaambukizwa na kufariki Januari 1911. Miaka minane baadaye, mjini San Francisco, wakazi waliochoshwa na amri ya barakoa wakati wa homa ya mafua waliunda umoja wa kuipinga. Kila janga huzua mjadala uleule kwa lugha nyingine.

Wanaostahili Tahadhari

Kusema kwamba barakoa haimdhuru mtu mwenye afya si kusema kwamba kila mtu avalishwe. Mnamo Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yalishauri kwamba watoto wa umri wa miaka mitano na chini wasilazimishwe kuvaa barakoa. Shirika hilo pia lilishauri kwamba barakoa isivaliwe wakati wa mazoezi mazito ya mwili, kwani jasho huilowesha na kufanya kupumua kuwe kugumu. Asiyeweza kuivua mwenyewe, kama vile aliyezimia, hapaswi kuvalishwa. Naye mwenye pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu anapaswa kupata ushauri wa daktari wake. Mwanafunzi wa pumu anaposema kifua kimembana, kauli hiyo ichukuliwe kama ilivyo, atolewe penye hewa na asaidiwe kwa dawa yake, pasipo mwalimu kuanza kujadili molekuli.

Barakoa na Sauti za Kiswahili

Pumzi ndiyo malighafi ya usemi. Sauti nyingi za Kiswahili hutamkwa kwa mkondohewa unaotoka mapafuni. Tunapozungumza, tunavuta pumzi kwa muda mfupi na kuitoa polepole, huku nyuzi za sauti, ulimi, meno na midomo vikiuchonga mkondo huo. Hapa ndipo barakoa inapotwaa kitu halisi.

Utafiti wa mwaka wa 2020 kuhusu usikivu ulionyesha kwamba barakoa hupunguza sauti za juu, zile zenye mitetemo kati ya 2000 na 7000 kwa sekunde. Barakoa ya kawaida ya hospitalini huzipunguza kwa desibeli 3 hadi 4, nayo N95 kwa takriban desibeli 12. Sauti za chini hupita bila kupungua sana. Kwa maneno mengine, barakoa inayopitisha oksijeni bila kinyongo huidai sauti ushuru.

Ushuru huo hautozwi kwa usawa. Irabu tano za Kiswahili zina nguvu nyingi katika mitetemo ya chini, hivyo husalimika. Vikwamizi ndivyo vinavyoumia. Sauti /s/ hutegemea mitetemo ya juu sana, na /f/ na /th/ ni hafifu hata bila barakoa. Tazama maneno haya yanayotofautiana kwa konsonanti ya kwanza pekee: suka, shuka, zuka, vuka, fuka. Anayemwambia mtoto “shuka” na anayemwambia “vuka” wanatoa maagizo tofauti kabisa kando ya barabara. Vivyo hivyo thamani, samani na zamani.

Macho nayo hunyimwa sehemu yake. McGurk na MacDonald walionyesha mwaka wa 1976 kwamba mtu anayesikia silabi “ba” huku akitazama midomo inayotamka “ga” huweza kudai kwamba amesikia “da”. Kusikia, basi, ni kazi ya masikio na macho pamoja. Tofauti ya /f/ na /th/ ambayo sikio linaikosa, jicho huiona kwa urahisi: katika /f/ meno ya juu hugusa mdomo wa chini, na katika /th/ ncha ya ulimi huwa kati ya meno. Barakoa hufunika yote mawili. Hasara hii ni kubwa zaidi kwa watumiaji wa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka wa 2010 inaitambua, kwani uso na midomo ni sehemu ya sarufi yao.

Hata hivyo, Kiswahili kina kinga yake. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, yaani konsonanti nyingi hufuatwa na sauti inayopita vyema katika barakoa. Tena upatanisho wa kisarufi hurudia taarifa. Katika sentensi “Viti vyangu vizuri vimevunjika,” msikilizaji aliyekosa kiambishi cha kwanza atakipata cha pili, cha tatu au cha nne. Sentensi nzima husikika panapopotea neno pweke.

Funzo kwa Mwalimu wa Kiswahili

Yaliyotangulia yana matokeo darasani. Shule za Kenya zilifunguliwa kwa awamu kuanzia Oktoba 2020, na wanafunzi wote wakarejea Januari 2021 wakiwa na barakoa. Mwalimu aliyesoma imla ya maneno pweke nyuma ya barakoa alipima uwezo wa kusikia kupitia kitambaa, kisha akaandika alama kana kwamba amepima tahajia. Mwanafunzi aliyeandika “samani” badala ya “thamani” huenda hakuwa na kosa. Wakati barakoa inapolazimu, imla isomwe kwa sentensi kamili ili upatanisho na muktadha vimsaidie msikilizaji.

Pili, mwalimu asipaaze sauti kupita kiasi. Kupaaza huongeza zaidi irabu, ambazo tayari zinasikika, na humchosha koo. Afadhali apunguze kasi na atue mara kwa mara. Wanaoghani mashairi wana kielelezo tayari: mshororo wa mizani 16 huwa na kituo baada ya mizani ya nane, ambapo ukwapi hukoma na utao huanza. Kituo hicho humpa mghani nafasi ya kuvuta pumzi bila kuukata ujumbe. Anayefundisha akiwa amevaa barakoa anaweza kuiga nidhamu hiyo katika nathari.

Hitimisho

Makala haya yamejadili athari za barakoa kwa kutenganisha hewa, pumzi na faraja. Hewa haipungui kwa mtu mwenye afya. Kazi ya kupumua huongezeka kidogo, na zaidi katika barakoa inayobana. Faraja hupungua dhahiri, na anayelalamika kuihusu asemwe kuwa mkweli. Sauti nayo hupungua, hasa vikwamizi, na mzigo huo humwangukia msikilizaji.

Barakoa haijaondoka maishani. Mgonjwa wa kifua kikuu angali anashauriwa kuivaa ili kuwakinga wengine, na janga jingine likizuka itarudi matatuni na madarasani. Siku hiyo wananchi watauliza tena iwapo wananyimwa pumzi, na watauliza kwa Kiswahili. Wataalamu wa tiba watakuwa na vipimo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kuhakikisha kwamba vipimo hivyo vinaelezwa kwa maneno yanayotofautisha kuziba na kuchuja, kukabwa na kufukutwa. Mama aliye na mtoto wa pumu nyumbani atayategemea maneno hayo kuamua lini amvalishe mwanawe barakoa, na lini aivue upesi.